Kifuniko Juu ya Usukani

Ningeweza kukataa. Jumapili ile, baada ya misa, wanaume wawili wenye abakosti, suti zile zisizo na tai, zilizopigwa pasi vizuri waliniambia nitoe mipira iliyokuwa chini ya usukani wa pikipiki yangu, niweke vipande vya chuma mahali pake, nami nikasema sawa. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimemaliza sekondari, sikuwa nimelewa siku ile, na nilisema sawa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya silinda mbili zilizosimama bega kwa bega. Niliipata kwa mgeni mmoja mwenye duka, aliyeondoka Kalemie wakati maduka ya wageni yalipotwaliwa na serikali. Aliniachia kwa sababu nilimtengenezea saa zake miaka mingi. Ndani ya injini ile pistoni zote mbili zilipanda pamoja na kushuka pamoja. Wanawake wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja hupokezana. Pistoni hizi hazikujua kupokezana, kwa hiyo mashine nzima ilitikisika. Aliyeiunda alilijua hilo. Ndiyo maana aliweka mipira minene ya kumeza mtikisiko pale usukani unaposhikana na mwili wa pikipiki, na mingine pale miguu inapokanyaga. Alikuwa mtu mwenye akili. Sisi tukamsahihisha.

Wenye pikipiki wa mjini tulikuwa na mchezo wetu mbele ya baa iliyo karibu na stesheni. Unaweka kifuniko cha chupa ya bia katikati ya usukani, unawasha, unavuta gesi. Pikipiki inayokirusha upesi ndiyo dume. Ile inayokiacha kimetulia, mwenyewe anachekwa mpaka Jumapili nyingine. Watu wazima, karani wa forodha, mwalimu wa hesabu na mimi, tulisimama juani tukikodolea macho kifuniko. Tuliamini kutetemeka ni nguvu. Nadhani hakuna aliyetufundisha. Ujinga ule tuliuzaa wenyewe na kuulea.

Padri mmoja mzee alikuwa na pikipiki ya silinda mbili zilizolala, moja kushoto na moja kulia, kama masikio. Pistoni zake zilikwenda nje kwa wakati mmoja na kurudi ndani kwa wakati mmoja, kila moja ikifuta msukumo wa mwenzake. Siku moja tulimwekea kifuniko. Hakikusogea. Tukacheka mpaka tukashika mbavu. Padri akakitia mfukoni, akavuta gesi taratibu, akashika njia ya Moba. Ile yake tuliiita moto ya masista, yaani pikipiki ya watawa wa kike.

Yangu nayo, kwa sababu ya mipira, haikurusha kitu.

"Sitwayen, kifuniko chako kimelala usingizi," karani wa forodha aliniambia Jumapili ile ninayoisema, maana siku zile sote tuliitwa raia kwa Kifaransa. "Hii ni moto ao ni cherehani ya mama?"

"Ni zile mipira," akasema mwalimu wa hesabu. "Zinakula nguvu. Toa, weka vyuma."

"Nitoe zote?"

"Ao unaogopa? Basi enda umuulize kwanza bibi yako, yule mshonaji."

Nikatoa zote. Jumapili iliyofuata kifuniko kiliruka kikampiga mwalimu kwenye paji la uso, wakanipigia makofi, nami nikatembea barabarani kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa, kazi yangu ilikuwa saa. Nilikuwa na meza ndogo dirishani, vibano, na lenzi ya kubana jichoni. Kila juma nilipanda pikipiki nikafuata stesheni za reli hadi Niemba, kukusanya saa zilizosimama na kurudisha zilizopona. Riziki yangu ilikaa kwenye ncha za vidole. Kuna skrubu za saa ambazo ni ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Jicho huziona, lakini kidole ndicho kinachojua kama umezishika.

Kutoka Niemba nilirudi mikono ikiwasha kama imeingiwa na siafu, na nilijivunia. Jioni moja mke wangu, aliyekuwa mshonaji, alinikuta nikishindana na vifungo vya shati langu.

"Papa, rudisha zile mipira."

"Watanicheka."

"Na mimi nakucheka sasa hivi. Ni wao njo watakuvua shati?" Akanifungua vifungo kimoja kimoja. "Cherehani yangu ingetetemeka vile, watu wa Kalemie wangetembea uchi."

Nilimjibu kwamba mwanamke hajui mambo ya injini. Yeye alikaa mbele ya mashine mchana kutwa. Mimi nilikuwa mtaalamu wa vifuniko.

Baadaye, asubuhi za upepo wa ziwa, vidole vya mkono wa kuume vilianza kugeuka vyeupe kama vya maiti. Nikasema ni malaria. Vilipozidi nikasema ni baridi, halafu nikasema ni umri, ingawa mvi sikuwa nazo. Kila dalili niliipatia maelezo, na hakuna maelezo hata moja yaliyogusa pikipiki. Nikaendelea hivyo, kiangazi na masika, mwaka baada ya mwaka.

Kisha mkuu wa stesheni ya Niemba alikuja mwenyewe mezani kwangu na saa ya mfukoni ya marehemu baba yake. Akaketi mbele yangu kutazama. Nikaifungua, nikachukua kwa kibano lile gurudumu dogo linalokwenda na kurudi. Nilidhani nimelishika kwa upole. Kumbe nilikuwa nimelibana mpaka ekseli yake ikakatika. Sikuhisi chochote. Niliona tu.

"Imevunjika, Papa?"

"Imevunjika."

"Ilikuja imevunjika, ao ni weye njo umeivunja?"

"Ni mimi."

Akakusanya vipande ndani ya kitambaa chake, akaniaga kwa heshima iliyoniuma kuliko tusi. Baada ya hapo saa za reli zikapelekwa kwa fundi mwingine.

Juma lile lile nikarudisha mipira. Karani alikuwa amekwisha kuuza pikipiki yake, mwalimu alikuwa amehamia Lubumbashi, na wale waliobaki baani hawakugeuza hata shingo. Yaani niliowaogopa miaka yote hawakuwa wakinitazama.

Mipira ilirudi lakini vidole havikurudi. Nilijaribu saa za ukutani, ambazo ni kubwa, nikaziharibu nazo. Nikauza vibano na lenzi, nikawa mlinzi wa ghala bandarini mpaka nilipozeeka. Kusema sawa Jumapili ile kulinigharimu hisia za vidole vyangu, na ufundi wa saa, kazi pekee niliyowahi kuijua vizuri.