Kivuli cha Bosi Wangu

Bosi wangu, Mwarmenia mwenye studio ya picha Bur Dubai, alikuja mji huu akiwa kijana, akitaka kupiga picha za nyuso zenye historia. Mji ukamletea picha za pasipoti. Kwa miaka thelathini amekuwa akiwaketisha watu mbele ya karatasi nyeupe na kuwakataza kucheka. Picha anazozipenda mwenyewe, za wazee waliokaa nusu gizani, alizihamishia chooni, maana wateja walikuwa wakiuliza hao marehemu ni nani.

Mimi nilikuwa nafagia, napanga foleni, na kuwavalisha Watanzania na Waganda koti la studio, ambalo lilikuwa na mbele tu. Nyuma tulilishika kwa vibanio vya nguo. Niliacha shule darasa la saba tulipofiwa na wazazi. Wadogo zangu watatu huko Tanga walisoma kwa kazi hiyo.

Mwaka huo viza ya bosi ilikuwa inaisha. Yeye ndiye kafeel wangu, mdhamini wa viza yangu. Akikosa yeye, na mimi nafungasha. Akajipiga picha ya maombi kwa taa moja, upande wa kushoto. Ikakataliwa. Akarudia vilevile. Ikakataliwa. Mara ya tatu nilikwenda naye kwa karani anayejaza fomu.

"Sir, nusu ya uso haionekani."

"Hiyo ndiyo nusu nzuri."

"Kompyuta haiitaki."

"Kompyuta imesomea wapi sanaa?"

"Sir, zimebaki siku mbili."

Tuliporudi studio nilifunga mlango, nikawasha taa zote.

"Kaa, sir."

"Nani apige? Wewe?"

"Miaka sita nakusikia ukisema maneno yaleyale. Yalla, kaa. Masikio yaonekane. Kidevu chini. Usicheke."

"Sicheki, naomboleza."

"Omboleza ukiangalia kamera."

Nikabofya. Kwenye skrini akatokea mzee wa kawaida, uso bapa kama chapati, macho ya mtu anayesubiri basi. Bosi akaisogelea skrini.

"Huyu hana historia."

"Atakuwa na viza, inshallah."

Ilikubaliwa mchana uleule. Karani akaisifu, akauliza ni nani aliyeipiga.

"Kazi yangu," bosi akasema kabla sijafungua mdomo.

Nikamwachia. Nilikuwa nimepata miaka miwili mingine Dubai, na wadogo zangu walikuwa bado darasani. Sifa ya picha mbaya namna ile naweza kuishi bila yake.