Lenzi Inayojifunga Yenyewe

Mwanangu, siku ile bado naikumbuka, na ukali wake haujapungua. Umeniuliza kati ya hizi lenzi mbili za zamani ununue ipi kwa kamera yako mpya, ya kizazi cha kwanza au iliyoifuata. Kabla sijakujibu, sikiliza nilichofanya nikiwa msichana.

Nilijifunza kupiga foto hapa Kasongo, kwa Fundi Ramazani. Alinizawadia lenzi yake ya kwanza, nzito, ambayo tundu la mwanga ulilifunga mwenyewe kwa kuzungusha pete, ukiona kwa jicho lako giza likiingia. Ilinichosha. Mchuuzi mmoja wa Salamabila akaniletea ya kizazi cha baadaye, iliyojifunga yenyewe pale unapobonyeza. Tukabadilishana.

Fundi aliigeuzageuza mkononi. "Iko muzuri," alisema. "Lakini umeijaribu? Piga filamu moja kwanza, niisafishe, tuone."

"Fundi, hii iko mupya kupita yako," nikamjibu. Nilikuwa na kiburi, siwezi kukuficha.

Juma lile nikaenda Kabambare kwa Mama, nikiwa na lenzi ile ambayo sikuijaribu. Mama alikuwa mgonjwa, amekonda sana, lakini alivaa kikwembe chake cha kanisani akaketi nje, mchana wa jua kali. "Unipige muzuri," akasema, "watoto wako wanijue." Nilimaliza filamu nzima juu yake.

Fundi alipoisafisha, ilitoka nyeusi tii mwanzo hadi mwisho. Mafuta yalikuwa yamegandisha vile vibati vyembamba vya ndani ya lenzi vinavyofunga tundu la mwanga. Havikufunga hata mara moja, jua lote likaingia, na filamu ikizidiwa na mwanga huungua ikawa nyeusi. Hakuna uso uliopatikana. Na kabla sijarudi Kabambare na lenzi nyingine, Mama akafa.

Kwenye matanga kaka yangu akaniuliza mbele ya watu, "Foto ya mama iko wapi?"

Nikasema Fundi Ramazani aliiharibu kwa dawa zake za kusafishia filamu. Nilisema hivyo, mwanangu, kwa kinywa hiki hiki.

Maneno yakafika Kasongo kabla yangu. Fundi hakubishana na mtu. Watu walipoacha kumletea filamu, alihamia Kindu, na mimi sikumfuata kumwomba msamaha. Nikasikia tu kwamba amezikwa huko. Leo wajukuu wakiuliza mama yangu alikuwa na sura gani, nawaonyesha pua ya dada yangu, nawaambia yake ilikaribia kufanana na hii.

Basi chukua yoyote kati ya hizo mbili. Kila moja ina kazi yake. Lakini iinue kwenye mwanga, funga na ufungue vile vibati, uhakikishe ni vikavu na vinakwenda upesi. Piga kuta, piga majani, ndipo umpige mtu asiyeweza kusubiri. Na ukiharibu, sema, "Ni mimi." Useme siku ileile, uliyemkosea akiwa bado anaweza kukusikia.

Mungu ayalinde macho yako, mwanangu, na akupe ulimi unaowahi kusema kweli kuliko wangu.