Kunde Nyeupe za Bibi

Harufu ya maganda ya kunde yaliyokaushwa juu ya moshi wa jiko, hata leo ikinifikia, hunirudisha utotoni. Tulikuwa kijijini Mahurunga, msimu wa kuandaa mbegu. Bibi mzaa baba alikaa mkekani akipukuchua kunde zake nyekundu, mbegu aliyojisifia kwamba hajawahi kuiomba kwa jirani. Lakini hapa na pale lilipasuka ganda lenye kunde nyeupe tupu. "Hizi zinaharibu mbegu," alisema, akazitupa motoni. Zikalia pa! Nami nikaruka.

Niliogopa, jamani, tena si kidogo. Mimi nina ualbino. Nilikuwa mtoto mdogo, mweupe peke yangu katika ukoo mzima, na siku zile zile nilimsikia Bibi akimwambia baba: "Weupe huu kwetu haupo. Mkeo katoka nao kwao. Mrudishe, yeye na mwanawe." Baba akainama akafuta jembe lake, asimkatalie. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Kutwa nilimganda mama, nimeshika khanga yake, nikiamini nikiiachia tu nitabaki sina mtu.

Siku ya mwisho ya kupukuchua, mama alipiga magoti kando ya mkeka. Baba alikuwa mlangoni.

"Mama, mbegu hii ya nani?" alimwuliza Bibi.

"Yangu! Niliachiwa na mama yangu. Haijaingia mkono mwingine."

"Na nyeupe huwa unazitoa?"

"Zote. Napanda nyekundu tupu."

Mama akaokota moja nyeupe, akampa. "Sasa hizi, Mama, kazileta nani?"

Bibi aliigeuza ile kunde kiganjani. Nilidhani atatufukuza pale pale. Badala yake alimtazama baba, akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu alizaa mmoja mweupe hivi. Mtoto huyo alipokufa tukakatazwa kumtaja." Baba akaketi kizingitini. Habari ya kuturudisha iliishia hapo.

Sasa naishi mjini, Chikongola, na nimesoma kwamba rangi yaweza kujificha kwa wazazi wote wawili, wasijue, mpaka itokee kwa mtoto. Binti yangu ni mweusi tii, na anakaribia kujifungua. Juzi mama mkwe wake aliitazama ngozi yangu, akaniuliza taratibu, "Hivi mambo haya hurithiwa?" Nikaisikia tena ile harufu ya maganda. Kesho nampelekea mama mkwe huyo kunde za mbegu, nyekundu na nyeupe pamoja. Sijatoa hata moja.