Kanda ya Kwanza Ndiyo Iliyofukuza Nyani

Mwezi uliopita mwanangu alijifungia chumbani kwake akafungulia muziki kwa sauti kubwa kwenye simu. Mimi nilikuwa jikoni napepeta mchele, nikajikuta nasema peke yangu, "Hii ni ile kanda ya pili. Hapa walikuwa wameshalegea." Nikaweka ungo chini, nikaenda kumgongea mlango, nikamwambia na yeye. Mtoto yule yuko kidato cha tatu, na anaamini ndiye mtu wa kwanza katika Masasi nzima kuwajua wale wazungu wa nywele ndefu. Alinitumbulia macho.

"Mama, hawa wewe umewajulia wapi?"

"Shambani kwa bibi yangu, Newala. Tulikuwa tunafukuzia nyani."

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Na wewe mwenzangu naona unacheka, haya, cheka, ukimaliza nikusimulie.

Shamba la Bibi lilikuwa ukingoni kabisa, hatua chache kutoka pale uwanda unapokatika na kuporomoka bondeni kuelekea Ruvuma. Asubuhi ukungu ulipanda kutoka huko chini, ukalowesha mahindi na nguo zetu, na nyani nao walipanda pamoja na ukungu. Kwa hiyo mahindi yakianza kubeba, kazi yangu baada ya shule na siku za mapumziko ilikuwa kuamia. Kama hujalima, kuamia ni kukaa juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti, ukilinda mimea isiliwe, kutwa nzima, na debe lako la kugonga. Nilikula muhogo wa kuchemsha na karanga mbichi huko huko juu, na koo lilinikauka kwa kupiga kelele. Nyani walishanizoea. Nikigonga debe wananitazama, wanakuna mbavu, wanaendelea kuvunja mahindi.

Na mahindi yale, jamani, ndiyo yalikuwa uhai wetu. Mikorosho miaka ile iliugua ukungu wake ule mweupe, maua yananyauka mtini, na hata palipopatikana korosho fedha yake ilikuwa ya kungojea. Nyumbani tulikuwa watatu, Bibi, Mjomba na mimi. Shamba likiliwa, tusingekuwa na kitu cha kutia chunguni mpaka mvua nyingine.

Sasa Mjomba alikuwa amefanya kazi na mzungu wa mradi wa maji, mtu mmoja mpole, mwekundu kama nyanya, aliyetoka nchi ya baridi kuja kutuwekea mabomba. Mradi wake ulipokwisha akagawa vitu vyake. Mwingine akapata viatu, mwingine chandarua, Mjomba akapata redio kaseti na kanda moja. Juu ya kanda kulikuwa na picha ya wanaume vifua wazi, wamekunja sura, mikono yao imechorwa kuanzia begani mpaka vidoleni. Mimi niliogopa. Bibi aliichukua ile picha akaisogeza juani. Yeye alikuwa na ndonya, kipande cha mti kilichopachikwa kwenye mdomo wa juu, na nembo uso mzima, mistari aliyochanjwa akiwa mwari. Akaitazama weee, kisha akasema, "Hawa wana nembo. Hawa wana kwao."

Siku ya kwanza Mjomba alipanda na redio dunguni ili asisinzie. Bibi alikuwa anapalilia karanga chini. Ile kanda ilipolipuka, Bibi aliinuka na jembe. "Zima hilo dude! Unataka kuniua?" Wakati huohuo nyani walikuwa wanaingia kutoka ukingoni. Looo! Magitaa yaliponguruma na yule mwimbaji alipopayuka, nyani waligeuka na kuporomoka bondeni wakikanyagana, wakubwa kwa wadogo, mahindi yamewadondoka. Mjomba, mtoto mtiifu, alikuwa ameshazima. Shamba likawa kimya.

"Nani kakwambia uzime?" Bibi akauliza. "Ongeza sauti."

Basi hivyo ndivyo bibi yangu alivyokuwa mpenzi wa muziki wa chuma. Mawe ya redio yakiishiwa nguvu aliyaanika juani pamoja na muhogo. Vijana wa mjini wakaanza kuja shambani kusikiliza, na Bibi aliwaruhusu kwa sharti la kupalilia huku wakisikiliza. Katekista, ambaye shamba lake lilipakana na letu, alisema muziki ule ni wa shetani. Alisema mara moja tu, kisha akaona mahindi yake mwenyewe yalivyopona.

Wimbo wa tatu ndio tulioupenda kuliko yote, lakini ulikuwa na kasoro moja. Katikati, magitaa na ngoma vilinyamaza ghafla, kimya kabisa, pumzi mbili tatu, ndipo vikarudi kwa kishindo. Na nyani si wajinga. Walijifunza ule wimbo. Ikifika pale kwenye kimya wanachungulia, wananyoosha mkono, wanajichumia. Bibi akaona hapana. Tangu hapo, kila wimbo wa tatu ulipofika kwenye kimya, alisimama na kupaza sauti yake mwenyewe: "Tokeniii! Hapa si kwa mama yenu!" Ndipo ngoma zinarudi. Aliipatia kila siku, hakutangulia wala hakuchelewa.

Ilikuwa ni miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Duka la ushirika lililokuwa na majani ya chai na vumbi likafunikwa na maduka ya watu binafsi, sabuni za kila rangi, betri mpya, mitumba imerundikwa mpaka mlangoni. Jirani yetu fundi cherehani alikwenda mnadani Masasi kutafuta vifungo, akarudi na redio ya kaseti mbili na kanda mpya ya wale wale wazungu wetu.

Barazani kwake siku hiyo palijaa. Tukaitazama picha kwanza. Ala! Wamevaa mashati meupe ya mikono mirefu, vifungo mpaka viganjani, nywele zimechanwa, wanatabasamu. Fundi akabonyeza. Kikaanza kinanda taratibu, kisha yule bwana aliyekuwa anapayuka akaimba kwa sauti ya kubembeleza, ungesema anaomba msamaha kwa mkwewe.

Mji ukagawanyika hapohapo. Vyama vingi vilipokuja baadaye, sisi wenzenu tulikuwa tumeshazoea. Wasichana na nusu ya vijana wakawa wa Kanda ya Pili, maana sasa watu waliweza kucheza wawili wawili. Kiongozi wao alikuwa fundi, na alikuwa na hoja yake. "Ile ya kwanza inanivunjia sindano. Mguu unafuata ngoma, cherehani inakwenda mbio, nashona mkono wa shati kwenye kola. Hii ya pili nashona suruali mbili kabla ya adhuhuri."

Upande wa Kanda ya Kwanza alisimama mwalimu wetu wa siasa, ambaye alikuwa na uchungu na mambo mengi ya wakati ule. "Walikuwa watu wenye msimamo hawa," alisema, kidole juu. "Sasa wameingia soko huria. Mtu akishaanza kuimba ili auze, amekwisha!"

"Mwalimu," fundi akamjibu kwa upole, "na hilo shati si ulinunua kwenye mtumba wa jana?"

Mwalimu akashika kola yake, akasema hilo ni suala jingine.

Hoja ikapelekwa kwa Bibi, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wetu sote katika mambo hayo. Fundi alikuja na redio yake begani. "Shikamoo Bibi." "Marahaba, keti." Bibi akasikiliza ule wimbo wa kinanda mpaka mwisho, mkono shavuni, watu wote wanamtazama mdomo.

"Wameoa," akasema.

Watu wakaangua kicheko, wengine wakapinga, fundi akasema wamekomaa tu. Bibi akaomba picha. Akapitisha kidole kwenye ile mikono mirefu ya mashati. "Na nembo zao wamezificha. Mtu anayeona haya kwao, nyani atamwogopea nini?"

Nilimwelewa vizuri baadaye, ukubwani. Wakati ule wasichana walikuwa wameshaacha kuchanja, na ndugu zetu wa mjini walikuwa wamemletea mtandio ili ajifunike uso akienda hospitali kubwa, watu wasimshangae. Aliupokea, akashukuru, akaukunja ukawa kata ya kubebea maji.

Mjomba naye alipiga kifua kwamba ni wa Kanda ya Kwanza. Thubutu! Mjomba alikuwa anampenda dada yake fundi, na dada mtu alikuwa wa Kanda ya Pili damu damu. Siku moja akaenda barazani kwao na kanda yetu mfukoni, akaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi ili irekodike, akasema atachukua wimbo mmoja tu, ule wa kinanda, ajifunze aje amwimbie. Akabonyeza, wakakaa kungoja. Maongezi yakanoga. Kanda ikafika mwisho wala hawakusikia, na walipokuja kusikia, dada mtu kwa ukarimu wake akazigeuza zote mbili akaendeleza upande wa pili. Mjomba hakumzuia. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alipomtazama usoni alisahau hata jina la bendi.

Asubuhi yake ilikuwa Jumamosi. Mjomba alisema kichwa kinamuuma, nikaenda shambani na Bibi. Mahindi yalikuwa yamebakiza siku chache tu yakauke. Ukungu ukapanda, nyani wakapanda, wengi kuliko siku zote. Bibi akanipa ishara. Nikabonyeza.

Kinanda.

Nikageuza upande. Kinanda tena. Nikamtazama Bibi, Bibi akanitazama mimi. Nyani wa mbele walisimama kidogo, wakasikiliza, wakaona hakuna neno. Dume moja kubwa likapanda juu ya kichuguu, likakaa kitako, likamenya hindi letu jani kwa jani na kula bila haraka, mgeni wa harusi hasa. Wengine wakamiminika. Nikamwona Bibi anaogopa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, ndonya inamcheza mdomoni. Mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini?" akaniuliza. "Wimbo si unaujua? Gonga!"

Akachukua debe lingine, akalibana mapajani, akaanza. Mwenzangu, sijui nikuelezee vipi. Bibi kizee yule aliimba wimbo wa kwanza wa ile kanda tangu mwanzo, maneno hayajui hata moja, lakini mngurumo wote alikuwa nao. Mimi nikashika ngoma. Dume likaacha kutafuna.

Vijana waliokuwa wanapita barabarani kwenda sokoni wakasikia, wakaja mbio, huyu na kifuniko cha sufuria, huyu na kengele ya baiskeli. Mwalimu wa siasa akafika anahema, akachukua sauti ya chini, na nakwambia alikuwa nayo. Fundi akaja na dada yake na Mjomba, ambaye kichwa kilikuwa kimepona ghafla na uso amekunja kwa aibu. Hakuna aliyeuliza wewe ni wa kanda gani. Walichofanya ni kubishana hapohapo vitani.

"Hapo gitaa linaingia mara mbili!"

"Mara tatu! Wewe ulikuwa unapalilia, hukusikia!"

"Fundi, punguza mwendo, hii si suruali!"

Tukafika wimbo wa tatu. Tukafika kwenye kimya. Umati wote ule, wa Kwanza na wa Pili, ukanyamaza kwa pamoja, mikono juu ya madebe. Nyani wakachungulia. Na sauti ya Bibi ikapanda juu ya mahindi: "Tokeniii! Hapa si kwa mama yenu!" Madebe yote yakarudi kwa kishindo, na nyani wakaporomoka bondeni, dume lile mbele kabisa.

Tuliimba hivyo kwa zamu mpaka tukavuna. Mjomba hakugombezwa. Bibi alimpa tu debe zito kuliko yote na kumwambia ni lake mpaka hindi la mwisho liingie ghalani. Mjomba alimwoa dada yake fundi baada ya mavuno, wimbo wa kinanda ukapigwa, watu wakacheza wawili wawili. Bibi alikaa pembeni na sahani yake. Fundi akamtania, "Bibi, leo umekubali Kanda ya Pili?" Akamjibu, "Mimi nimefuata pilau."

Sasa hakuna nyani pale. Miti ya ukingoni imekatwa, watu wamejenga mpaka mwisho wa ardhi, na dungu watoto wa siku hizi hawalijui hata kwa jina. Redio kaseti ya Mjomba ilikaliwa na kuku, wakataga ndani. Bibi amelala Newala kwenye makaburi yetu, na nembo zake, na mimi uso wangu ni mtupu, sina mstari hata mmoja wa kunitambulisha kwake.

Mwanangu alipomaliza kucheka aliitafuta kanda ya kwanza kwenye simu, akaipata kwa kidole kimoja. Mara zikaanza ngoma zilezile. Nilisimama mlangoni na unga wa mchele mikononi. Nikamwambia aruke mpaka wimbo wa tatu. Ukafika kwenye kimya. Nikamngoja Bibi.

Magitaa yakarudi bila yeye. Nikaona wameukosea ule wimbo, wameuacha na tundu katikati.

"Rudisha nyuma," nikamwambia mtoto. "Ongeza sauti."

Akarudisha. Kimya kilipofika tena, nilivuta pumzi na kupaza kwa nguvu zangu zote, "Tokeniii! Hapa si kwa mama yenu!" Simu ikamponyoka mwanangu. Kuku wa uani wakaruka. Jirani akaja mbio mpaka dirishani, khanga mkononi.

"Mama Shaibu, kuna nini? Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu, mwaya," nikamjibu, nikifuta macho na kiwiko. "Naamia tu."