Sura ya Mvushaji

Nilikuwa msomaji wa watu wazima kabla sijavunja ungo, na ujira wangu ulikuwa ukili. Alasiri, wanawake wa jirani pale kwetu Ufukoni, Mtwara, wakishamaliza vyombo vya mchana, walikuja uani kwa shangazi na miyaa yao iliyotiwa rangi, wakaketi kusuka ukili wa mikeka. Mimi nilisoma. Kwa kuwa aliyeshika kitabu hawezi kushika miyaa, kila mmoja alinisukia kipande, na jioni vipande vile viliunganishwa vikawa vyangu. Nikisoma vizuri, ukili ulikuwa mrefu. Nikiruka mistari au nikipiga miayo, shangazi alisema, "Leo utalalia mchanga," na kweli nilipewa kipande cha kufungia kuni.

Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba, wa ukoo wa Mikindani, mnene, mkali, na hakuwa na meno ya mbele. Alinilea tangu mama alipofariki, nami bado mdogo wa kubebwa. Baba alikuwa kazini bandarini na nyumbani alikuja kula na kulala, kwa hiyo serikali yote ilikuwa ya shangazi. Hakujua kusoma herufi zetu za shuleni. Msahafu aliusoma vizuri sana, na aliniambia mara kwa mara kwamba kusoma kutoka kushoto ni kusoma kinyumenyume.

Tulichokuwa tukisoma ni vijitabu vinne vya karatasi nyepesi, vilivyotoka kimoja kimoja, na kati ya kimoja na kingine tulingoja hadi tukakata tamaa. Vilikuwa na jina refu kwenye jalada, lakini sisi tuliviita "Mvushaji" basi. Vilimhusu msichana anayevusha watu kwa mtumbwi kwenye mlango wa mto mkubwa. Maji yakijaa, mto ule ni wa watu. Yakipwa, ni wa majini, na abiria aliyechelewa kushuka hujikuta ng'ambo ambako hakuna aliyemzaa. Baba yake msichana alipotelea huko, naye akashika upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, ili siku moja amrudishe. Alikuwemo pia mamba aliyefundisha watoto wa majini chuoni, mwenye adabu kuliko walimu wote niliopata kuwajua. Wanawake walimpenda mamba yule hata wakimtaja walisema "mwalimu".

Mwandishi alikuwa mjanja kwa jambo moja. Hakusema hata mara moja msichana yule ana sura gani. Alieleza mikono yake, upondo wake, hasira zake, nyayo zake kwenye tope, ila uso hakuugusa. Kwenye jalada alichorwa kwa nyuma, anatazama maji. Basi akili ni nywele, kila mtu ana zake, na pale uani kila mtu alijipa msichana wake.

Jirani yetu bibi wa Kimakonde, aliyeshuka kutoka Newala akiwa na kipini chake cha ndonya kwenye mdomo wa juu, alikuwa na Mvushaji mwenye chale usoni, paji la uso na mashavu. "Bila chale," alisema, "akifa maji atajulikanaje ni wa kwao?" Mama wa Kimakua aliyekaa nyumba ya pili alimpaka wake msiro, ule ukandiko mweupe wa mti, maana jua la mtoni lingemharibu ngozi. Mvushaji wa shangazi alikuwa na hina na kanga mbili, amejitanda vizuri, na sijui upondo aliushikaje. Walibishana kwa raha tu. Hakuna aliyetaka kushinda.

Mimi sikuwaambia wangu. Mvushaji wangu alikuwa mama.

Mama hakuwahi kupigwa picha. Isitoshe, nyumbani kwetu palikuwa na mwiko: mtoto aliyefiwa na mama hasimuliwi mama yake mpaka akue, maana akisimuliwa atamtamani, na akimtamani mno atamfuata. Kila nilipouliza mama alikuwaje, niliambiwa, "Mwombee." Nilimwombea. Lakini nilikuwa na sura moja kichwani, ya mwanamke aliyeinama juu yangu, niliyotoka nayo utotoni, na sikuwa na kitu kingine chake. Sura ile ilikuwa ikififia. Ndipo Mvushaji alipokuja na uso mtupu, nikamvika. Kila alasiri nilipofungua kitabu, mama alishika upondo, akasema, akakasirika, akacheka. Nilisoma vizuri kwa sababu hiyo, si kwa ajili ya ukili.

Jioni moja redio ikatangaza kwamba hadithi ya Mvushaji itatengenezwa filamu, kwa Kiswahili, na watengenezaji watakuja pande za kwetu kutafuta mahali. Bibi wa Kimakonde alipiga kigelegele. Kisha mama wa Kimakua akauliza, "Na mwalimu watampata wapi?" kigelegele kikakatika.

Tangu hapo kusuka kulizorota. Watamfanyaje mamba asome? Watamvika mtu gunia, shangazi alisema, mtaona. Na kile kitabu cha tatu, ambacho msichana hasemi neno tangu mwanzo hadi mwisho kwa sababu sauti ameiweka rehani kwa majini, watakiruka, maana nani atakaa kumtazama mtu aliyenyamaza? Bibi alikuwa na hofu watamwoza. Kwenye vitabu Mvushaji hana mume wala hamtafuti, lakini bibi alisikia kwamba kwenye sinema lazima watu waoane mwishoni. Shangazi alikasirika kana kwamba posa imeshaletwa mlangoni.

Hofu yangu mimi sikuitoa, na ilikuwa kubwa kuliko zao zote. Nilikuwa nimeshaonja. Siku za nyuma gari la sinema lilikuja uwanjani na filamu ya kuchemsha maji ya kunywa, na ndani yake alikuwemo nesi mwenye pua ndefu. Tangu siku ile, kila nikisikia neno nesi, namwona yule, hata nilipokuwa mbele ya nesi wetu mwenyewe wa zahanati. Hivyo ndivyo filamu inavyofanya. Nilijua nikishamwona msichana watakayemweka, ataingia kwenye vitabu vyangu na pua yake, na mama atatoka. Wenzangu wangepoteza Mvushaji wao. Mimi ningefiwa mara ya pili.

Watu wa filamu walikuja kweli, kwa Landrova, na balozi wa nyumba kumi akawaleta kwetu kwa kuwa alisikia kuna nyumba inayosoma vile vitabu. Kiongozi wao alikuwa kijana mwenye ndevu, mpole. Alimwamkia shangazi shikamoo, akapewa chai na mihogo ya kuchemsha. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu hakuachwa hata ameze.

"Mtaipigia wapi?" shangazi alianza.

"Tulitaka mlango wa Ruvuma, mama, lakini wakubwa wamekataa. Ng'ambo kuna vita. Tutatumia maji ya Mikindani."

Bibi wa Kimakonde aliweka miyaa chini. "Ile si Luvuma. Maji ya Mikindani hayaendi popote."

"Bibi, kwenye filamu maji ni maji."

"Nani kakwambia?"

Kijana akacheka, akajaribu njia nyingine. Akawauliza wao wanamwonaje Mvushaji. Lo! Walimjibu wote kwa pamoja, chale, msiro, hina, kila mmoja akimshika mkono amgeukie. "Mama zangu," alisema, "nitampata wapi msichana mwenye nyuso tatu?" Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe binti msomaji, yukoje?"

"Mpigeni kwa nyuma," nilisema. "Kama kwenye jalada."

"Filamu nzima? Watu waje kutazama kisogo?"

Wote walicheka, hata shangazi. Niliinuka nikaenda jikoni kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Walipiga filamu yao Mikindani, wakaondoka. Mvua zikapita, korosho zikaokotwa, tukaanza kusahau. Ndipo siku moja gari la kipaza sauti likapita mtaani kwetu, na Chuno, na mjini kote, likisema Mvushaji ataonyeshwa uwanjani baada ya magharibi, bure. Wanawake wakatoa kanga za sikukuu. Kwa watu waliokwisha kuikataa ile filamu kabla haijatengenezwa, walivaa kwa haraka sana.

"Vaa," shangazi aliniambia. "Asiyekuwepo na lake halipo."

Nilisema tumbo linauma.

"Tumbo la nini? Umekula kuliko sote." Alinitazama, kisha akawaambia wenzake watangulie. Akaketi kwenye kinu kilicholazwa, na kwa sauti ambayo hakuitumia mara nyingi akaniuliza, "Una nini, mwanangu?"

Nilimwambia. Sikujua kama ningeweza, lakini lilitoka lote: kwamba Mvushaji wangu ni mama, kwamba namwogopa yule msichana wa filamu, kwamba nikimwona tu mama atatoka na sitakuwa na mwingine. Nilitegemea aseme astaghfirullah, kumfanya marehemu mtu wa kitabuni. Hakusema.

"Yukoje, mama yako?" aliuliza.

"Mwembamba. Shingo ndefu. Ana mwanya mkubwa hapa mbele. Kichwa kimesukwa mistari mitatu. Ananipepea na ungo, anacheka, na akicheka anafunika mdomo kwa mkono."

Kutoka uwanjani ilisikika mashine ya umeme ikiwashwa. Shangazi akainua mkono akaugusa mdomo wake mwenyewe, pale ambapo meno hayakuwepo.

"Mwanya huo ni wangu," alisema. "Ulikuwa kati ya meno haya niliyong'olewa, kabla hujaanza shule. Na sikuzaliwa mnene. Ulikuwa na surua, mwili mzima moto, pepeo limechanika, nikachukua ungo. Mama yako tulikuwa tumeshamzika."

Nilikataa. Nilimwambia ananidanganya, ananinyang'anya. Nilimwambia maneno ambayo mtoto wa Ufukoni hamwambii shangazi yake akabaki na masikio mawili, naye akayapokea yote bila kuinuka kwenye kinu. Halafu nililia. Nililia kwa hasira, kwa sababu miaka yote ile nilimlinda mama kama mboni ya jicho, na kumbe niliyemlinda alikuwa akinigombeza kila asubuhi kuhusu maji ya kisimani.

"Umeshakuwa mkubwa," shangazi alisema nilipotulia. "Kaa hapa."

Akanisimulia mama. Alianza vibaya, kama mtu anayefungua mlango uliovimba kwa mvua. Mama yako meno yake yalishikana, hayakuwa na nafasi hata ya uzi. Alitoka vijijini kwenye mikorosho, na alipoolewa aliogopa bahari, akaoga kwa kata mpaka mwisho. Alikuwa mrefu, mweusi, anatembea taratibu. Hakuwa mchekaji. Alipenda muhogo mbichi. Alijua kuchora kwa mkaa, akachora ndege kwenye ukuta wa jiko, na baba yako alipopaka chokaa ukuta ule baada ya matanga alipaka usiku mmoja bila kumwambia mtu, maana hakuweza kula mbele ya ndege wale. Filamu ilikuwa ikiendelea uwanjani. Tulisikia watu wakicheka, wakipiga mbinja, mara wakanyamaza wote kwa pamoja. Shangazi hakugeuza kichwa.

Wenzake waliporudi walikuwa wakigombana tangu barabarani. Mwalimu alikuwa mtu ndani ya gunia, kweli, na mkia ulivuliwa na maji. Wamemwoza! Na maji yale, bibi wa Kimakonde alisema, yalisimama tu kama supu. Walipoingia uani wakamkuta shangazi yuko katikati ya maneno, uso umelowa, wakaketi bila kuuliza. Walimsikiliza hadi mwisho. Hakuna aliyewahi kuniambia msichana wa filamu alikuwa na sura gani, wala sikuuliza, na filamu ile haikurudi tena Mtwara.

Nilitazamia kwamba baada ya hapo nitamwona mama. Nilikuwa na kila kitu chake: urefu, meno, mwendo, ndege wa mkaa. Niliviweka pamoja kila alasiri, na kila alasiri vilikataa kuwa uso. Bado vinakataa, nami nimeshakuwa mzee kuliko alivyowahi kuwa yeye. Namjua mama kwa kusimuliwa, na ninampenda hivyo hivyo. Upondo alibaki nao yule mwembamba mwenye mwanya, hata baada ya kumjua ni nani, hata alipokuwa akikaa mbele yangu mnene na kibogoyo akinihesabia makosa ya kusoma.

Alipofariki shangazi, nilikuwa mwanamke mwenye watoto. Watu walijaa nyumbani wakanipa pole ya kufiwa na shangazi, nikaipokea kwa adabu aliyonifunza mwenyewe. Ila mimi siku ile ndiyo nilifiwa na mama.