Kama code ya mutoto wangu ni mbaya, weka chaki mahali pa ubaya

Wakuu, habari za kazi.

Ninayoandika hapa ni ya kweli. Anayebisha aje Likasi, atelier yangu ya kuunga vyuma iko kwenye barabara ya kwenda Kakontwe. Aulize muntu yeyote mwenye vumbi la chokaa kwenye viatu, atamuleta mpaka mlangoni.

Minye ni soudeur. Ninaunga vyuma: portail, yaani geti, madirisha, vitanda, mikokoteni. Shule niliiacha primaire. Haikunipenda, na minye sikuipenda. Nyumba, atelier na hili tumbo nimejijengea mwenyewe, kwa hiyo musinitafutie makosa ya herufi. Kiswahili changu ni cha Katanga, mutakitafuna polepole.

Tuingie kazini.

Niko na binti, Béa. Anajua mambo ya computer.

Huku kwetu maji ya robinet, ya bomba, yanakuja yakipenda. Uko kwenye kilio cha jirani, yanakuja. Unarudi, yamekwenda. Béa akatengeneza program ya simu: muntu akiona maji yametoka kwake anabonyeza, na avenue yote inapata habari. Basi. Kitu kidogo, lakini mama yake aliacha kukaa analinda robinet kama muntu anayelinda mgonjwa.

Avenue yote ikaingia. Hata wale wasionisalimia.

Kumbe kuna group moja kubwa ya developers, wengi wa Lubumbashi, wengine mpaka Nairobi na Dar. Béa akapeleka code yake kule. Aliandika kwa heshima: ninaanza tu, naomba maoni yenu.

Maoni yakaja, wakuu.

"Hii code inanuka."

"Nani alikufundisha, tumushitaki?"

"Dada, rudi kwenye kusuka nywele."

Na mkubwa wao, anajiita Maître Clavier, picha yake ni simba amevaa miwani, akamaliza: "Futa yote. Anza upya. Ama usianze."

Chini yake watu wakapanga sura za kucheka mpaka simu ikachoka.

Jioni tuko mezani, bukari, ugali wetu, iko moto, Béa hagusi hata tonge. Akasema: "Papa, Dimanche nikitoka misa nitaizima. Sitaki hata avenue inicheke."

Mama yake akaweka sahani chini. "Uzime nini? Na maji je?"

Minye nikauliza swali moja. "Walisema ubaya uko wapi?"

"Hapana. Walisema tu ni mubaya."

Hapo damu ikapanda.

Nieleze kidogo. Kwangu atelier kuna sheria. Kazi ikiisha, kabla ya rangi, inalazwa chini, na kila fundi anapita na marteau, nyundo, anagonga. Ukisema "hii ni mubaya", unapewa craie, ile munaita chaki, unachora duara mahali pa ubaya. Huna cha kuchora? Funga kinywa, na uwanunulie wenzako munkoyo wa kunywa. Sheria hiyo ilifukuza wasemaji wengi kwangu. Mafundi wakabaki.

Nikamuambia Béa aniingize kwenye group.

Niliingia vile muntu mzima anaingia kwa watu. Nikatuma voice. Nikajitambulisha, nikauliza afya zao na za wazazi wao, nikataja ukoo wa Béa upande wa baba mpaka kwa babu. Nyuma meule ilikuwa inakata chuma. Sikujua kwamba group iko na watu wengi kuliko parokia yetu.

Admin akaandika: "Mzee, hapa hatutumi voice. Andika."

Mwingine: "Nani amewasha kinu cha mahindi?"

Sawa, nikaandika. "Weye Maître Clavier. Mutoto wangu aliomba maoni, ukamupa matusi. Weka chaki. Ubaya uko wapi?"

Akajibu: "Papa, unajua code?"

"Sijui. Lakini namujua muntu anayekimbia chaki."

Watu wakacheka, safari hii upande wangu. Kichwa kikavimba. Nikatuma picha ya portail ya nyumba yangu, nyeusi, na mikuki ya rangi ya dhahabu juu, nikaandika: "Kazi ya mikono yangu. Tafuteni kosa mpaka muchoke."

Wakuu, musifanye hivyo.

Maître Clavier akarudisha ile picha na duara jekundu chini kushoto. "Papa, bawaba ya chini umeiunga nje kuliko ya juu. Mlango umelala. Tazama ciment pale chini, imekwanguliwa, alama imepinda kama upinde. Baba yangu alikuwa soudeur Kamatanda."

Nikatoka na simu mkononi mpaka kwenye portail. Alama iko pale. Kila siku ninairuka.

Mama Béa alikuwa anaanika nguo. "Unatafuta nini?"

"Hakuna."

"Ni ile inakwaruza? Nilikuambia tangu Pasaka. Ukasema si portail, ni nyumba njo inashuka."

Ningeweza kutoka kwenye group kimya kimya. Nikafikiri Dimanche iko karibu, na Béa ameshaacha kufungua hata simu. Nikameza. Nikaandika: "Duara lako ni la kweli. Bawaba nitaikata. Sasa tumeona mkono wako unajua chaki. Mufanyie na Béa hivyo hivyo."

Akairudia ile code. Kisha akaandika, bila sura za kucheka:

"Béa, tazama mstari wa juu kabisa. Password ya mahali unapoweka data umeiacha ndani ya code, ukaileta mbele ya group nzima. Yeyote anaweza kuingia akafuta majina yote, ama akadanganya avenue kwamba maji yamekuja. Badilisha leo. Mengine ni madogo. Wazo lenyewe ni zuri."

Nikamuuliza: "Uliiona siku ya kwanza?"

"Niliiona."

"Uliona ufunguo wa nyumba ya mutoto unaning'inia mlangoni, upande wa barabara, ukacheka ukapita?"

Akajibu: "Papa, na sisi walitufanyia hivyo. Nilifikiri kazi hii njo inafundishwa hivyo."

Nilichomujibu, admin alikifuta, sitakirudia hapa.

Béa alibadilisha password siku ile ile. Akauliza swali, Maître Clavier akajibu. Hata yule wa kusuka nywele akaja kuonyesha kosa jingine. Hakuomba msamaha, lakini alichora. Siku hizi kule ukiandika tu "inanuka", unaulizwa chaki iko wapi.

Dimanche ikafika. Padri yuko kwenye matangazo, simu zikaanza kulia mifukoni, huku moja, kule moja, halafu benchi zima. Maji. Avenue yetu ikatoka kanisani kabla ya baraka, mama Béa mbele, viatu mkononi.

Padri akanitazama kana kwamba ni minye nilifungua robinet. Nikamuonyesha Béa kwa kidole. Alikuwa amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, mabega yanacheka.

Funzo nalisema bila sukari. Kusema kitu ni kibaya, hata mulevi anaweza. Kuonyesha wapi, hapo lazima uwe umekitazama. Na ukiomba kuchorewa, ukichorewa usilie. Minye nililia kidogo, ndani.

Bawaba niliikata, nikaiunga upya. Portail sasa inafunguka bila sauti. Kesho yake asubuhi nikakuta duara la chaki juu kulia, kwenye mkuki mmoja uliopinda. Sikuhitaji kuuliza ni nani amechora. Mama Béa alikuwa jikoni, anaimba.

Semeni sasa, uzi ni wenu. Lakini atakayesema ni mubaya, achore.