Kiganja cha Papa

Nikiwa mtoto, kwanza nilisikia mabati yakijikunja kwa joto, nyumba baada ya nyumba, lava ikishuka kuelekea ziwani. Harufu ya gundi ninayozibia sinki leo imeurudisha mlio huo.

Papa alikuwa amebandika kiraka kwenye ufa wa mtumbwi wetu kwa gundi kama hii, nayo ilikuwa bado mbichi.

“Tungoje ikauke,” alisema.

“Moto itangoja gundi yako?” mama alimjibu.

Tukapanda. Mama alipiga kasia. Papa alikandamiza kiraka kwa kiganja safari nzima. Tulipofika ng'ambo, ngozi yake ilibaki mbaoni.

Tangu waasi waingie Goma, mji wetu, nami nikiwa mbali masomoni, sikumpigia papa, nikijiambia kwamba simu isiyopigwa haiwezi kukosa kupokelewa.

Leo nimepiga.

“Sema kwa nguvu, mutoto yangu,” papa alisema. “Huku kuko makelele.”